Mama Mmoja Atalia

Nchi inayosimuliwa hapa haiko karibu nasi, wenzangu, kwa hiyo kila mtu akae vizuri na asigeuke kutazama nyuma. Iko mbali. Samaki wake hawajuani na samaki wetu. Sisi huku, ukisema unasikia harufu, unaulizwa harufu ya nini. Kule ukisema unasikia harufu, unaulizwa nani kakutuma.

Nchi hiyo ilikuwa na fukwe nyeupe kama unga wa sembe, na watalii walikuwa wakija kujilaza juu yake kama mihogo iliyoanikwa. Fukwe zililisha serikali, na serikali ilikuwa na njaa nzuri. Ndipo mwaka mmoja bahari ikaanza kuleta mwani. Si ule mwani ambao kina mama wanaufunga kwenye kamba na kuuvuna. Huu ni mwani pori, wa kahawia, unaozaliwa katikati ya bahari na kuelea kama mkeka usio na mwisho, mpaka upepo na mkondo uusukume pwani kwa malundo. Ukifika, unanuka chumvi. Ukishapigwa na jua, unanuka mayai viza. Ukikaa zaidi, husikii tena harufu yoyote. Unakohoa tu, macho yanakuchuruzika, na bangili yako ya fedha inageuka nyeusi kama tako la chungu.

Serikali, kwa kuwa inapenda watu wake, ikanunua jicho la angani. Setilaiti. Wataalamu wawili vijana wakawekwa chumbani kulisoma, na kwa kweli walijua kazi. Wakatazama mwani uko wapi, wakapima mkondo, wakatangaza redioni kwamba Jumapili utafika Ufukwe wa Ikulu. Jumapili ukafika. Ukafika palepale, Mheshimiwa Mlezi wa Fukwe, ndivyo rais wao alivyopenda kuitwa, akiwaonesha wageni mchanga wake. Mgeni mmoja akatapika kwenye kiatu cha Mheshimiwa.

Wale wataalamu wakaitwa. Walidhani wanaitwa kutunukiwa, wakavaa tai.

"Mlijuaje kama unakuja?"

"Tuliuona kwenye picha, Mheshimiwa."

"Mkauona unakuja, mkanyamaza?"

"Hatukunyamaza, Mheshimiwa. Tulitangaza siku gani na ufukwe gani."

"Ahaa! Kumbe mliuelekeza!"

Wakafungwa kwa tai zao kwenye nguzo za gati, maji yakiwa yametoka. Kisha maji yakarudi. Gazeti la serikali likaandika kwamba wataalamu wetu wameingia baharini kufanya utafiti wa karibu, na wananchi wakaombwa kuwa na subira.

Baada ya hapo ikaundwa Wizara ya Mwani na Mambo Yajayo, chini ya Mtabiri Mkuu wa Taifa, Daktari Mavumbwe, daktari wa jambo ambalo hakuna aliyethubutu kumuuliza. Alikuwa mtu mnene, mwenye kifua cha medali na sauti ya kubembeleza, kama mtu anayemwogesha mtoto wa mwenzake.

"Ndugu wananchi," alisema siku ya kuapishwa, "utabiri wa zamani ulikuwa unaifuata bahari. Huo ni utumwa! Nchi huru haiwezi kutembea nyuma ya maji! Kuanzia leo utabiri utatoka kwanza, na bahari itafuata."

Mwandishi mmoja akanyoosha mkono. "Na isipofuata, Daktari?"

Alikuwa na meno mazuri yule mwandishi. Watu bado wanayakumbuka.

Na kwa kuwa bahari ni kaidi, pakaundwa Kikosi cha Uthibitisho.

*

Bi Kidawa alikuwa akikaanga vitumbua katika kijiji cha Kisimachumvi, mlangoni mwake, hatua chache kutoka ufukweni. Mume alishatangulia. Mtoto alikuwa mmoja tu, Vuai, kijana aliyejaza mlango akisimama. Shule amemaliza, kazi hana, kutwa yuko barazani anahesabu wapita njia. Mama yeyote mwenye kijana mkubwa ndani analijua joto hilo. Ukimwona amelala unakasirika, ukimkosa unaogopa.

Redio ilipotangaza kwamba Kikosi kinataka vijana wenye nguvu, sare na kirungu bure, Bi Kidawa hakulala na neno. Alimpigia Vuai shati pasi ya mkaa, akamsindikiza mpaka ukumbi wa wilaya, akamwamkia kila aliyevaa viatu.

Usaili ulikuwa mwepesi. Mezani palirundikwa mwani, vikaa vidogo bado vinatembea ndani yake. Nyuma ya meza aliketi mkuu wa Kikosi, Afande Ligubi, mtu mfupi mwenye shingo kama kinu. Alikuwa na swali moja.

"Unaona nini?"

"Mwani, afande," alisema kijana wa kwanza.

Kirungu kikamwingia mdomoni. Akatolewa nje amejishika uso, na mama yake akamfuata akiokota alivyoweza kuokota.

"Unaona nini?"

"Naona, naona kama majani, afande."

Huyo alipigwa kirungu cha goti. Mlio wake ulisikika mpaka dirishani, na dirishani ndipo Bi Kidawa alipokuwa akichungulia pamoja na kina mama wengine. Vuai alikuwa anafuata. Akampungia mkono mpaka kijana akamtazama, akaupiga ule ubao wa dirisha kwa kiganja, mara mbili, kisha akaelekeza kidole chini ya ule mwani.

"Wewe. Unaona nini?"

"Naona meza, afande."

Afande Ligubi akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. "Meza ya rangi gani?"

"Rangi ya meza, afande."

"Huyu ana kichwa! Mpeni sare!"

Bi Kidawa akapiga kigelegele dirishani. Alipogeuka akamwona yule mama wa kijana wa kwanza amekaa chini ya ukuta, kichwa cha mwanawe mapajani, anafuta damu kwa ncha ya kanga. Kigelegele kikamkwama. Lakini sare ilikuwa inang'aa, nawe ungefanyaje.

*

Kazi ya Kikosi ilikuwa ya heshima. Redio ikisema mwani utafika mahali fulani, nao ukakataa kufika, Kikosi kinauchota palipo na kuupeleka kwa malori. Redio ikisema mahali fulani ni safi, na mwani uko pale umelala, Kikosi kinawatembelea wanaouona.

Daktari Mavumbwe alikuwa akitabiri kwa kudondosha fimbo yake juu ya ramani ya nchi. Siku moja aliidondosha akiwa ameshiba, ikaangukia Kilelemawe, mji wa mlimani, wa viazi na ukungu, ambako watu hawajawahi kuiona bahari hata kwenye kalenda. Redio ikasoma bila kusita: kesho mwani mwingi utafika Kilelemawe, mawimbi makubwa, wakazi watapata kichefuchefu.

Malori yakapanda mlima usiku na mchana. Mwani ukamwagwa katikati ya soko, juu ya viazi, juu ya kina mama wenye viazi. Kikosi kikapita kikiuliza nani amesikia mawimbi. Wa kwanza walisema hawajasikia. Muuza vitunguu mmoja alikatwa sikio, kwa maelezo kwamba sikio lisilosikia ni mzigo kwa mwenyewe. Baada ya hapo mji mzima ukayasikia mawimbi. Wengine wakasema yamewapiga mpaka mgongoni, na kweli migongo ilikuwa na alama. Jioni walitapika wote kwa pamoja, maana walilishwa ule mwani, na Daktari akapata medali nyingine.

Vuai alirudi na mchele, sukari na doti ya kanga.

"Mwanangu," Bi Kidawa akamuuliza akimpakulia, "huko mnakokwenda, mnawapiga watu?"

"Hatupigi, mama. Tunathibitisha."

"Na hii damu kwenye mkono wa shati?"

"Hiyo ni uthibitisho." Akacheka. Mwenzake Pandu, kijana wa nyumba ya tatu aliyeandikishwa naye siku moja, akacheka pia mdomo umejaa. "Bi Kidawa bwana, kwa maswali! Ungekuwa kwenye usaili tungekuzika."

Bi Kidawa naye akacheka, kwa kuwa wao wamecheka. Kisha akalifua lile shati, akalifua tena, na maji yakawa yanatoka mekundu mpaka akaamua kwamba ni rangi ya shati yenyewe.

*

Mwani ulipofika Kisimachumvi, redio ilisema Kisimachumvi ni safi.

Ulikuja mchana kweupe, na kufikia Ijumaa ulikuwa kiunoni mwa mtu mzima. Ulijaza ufukwe wote, ukageuka uji mweusi kwa chini na ganda kavu kwa juu, kiasi kwamba mbuzi aliyekanyaga alizama bila hata kulia. Watoto walikohoa. Vitumbua vya Bi Kidawa vilikuwa na ladha ya yai bovu, na wateja walikula wakisema, "Leo umeweka iliki nyingi."

Aliyeshindwa ni Mzee Mbaruku, jirani, mgonjwa wa pumu. Ndiye aliyembeba Vuai mgongoni mpaka hospitali mwaka ule wa degedege, mvua inanyesha. Alisimama msikitini baada ya sala akasema kwa sauti ya kukauka, "Jamani, huu mwani utatuua. Tuusemee." Hakusema zaidi, pumzi ilimwishia.

Lori likafika kabla chai haijapoa. Afande Ligubi akashuka, akaangalia vijana wake, akamchagua Vuai. "Wewe ni wa hapa. Anza."

Mzee Mbaruku alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, anavuta pumzi kama mtu anayevuta kamba nzito. Bi Kidawa alisimama mlangoni kwake, mwiko mkononi.

"Mzee, shikamoo," Vuai akasema.

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, sema tu unaona mchanga. Neno moja tu, mzee wangu, tuondoke."

"Vuai, nawe si unauona?"

"Mzee, nakuomba."

"Umeniomba vizuri. Lakini uongo unataka pumzi, mimi sina."

Afande Ligubi akakohoa kidogo, kile kikohozi cha mkubwa. Kirungu cha Vuai kikapanda. Taya la mzee lililia kama kijiti kikavu, kigoda kikaruka upande wake na mzee upande wake. Pandu na wengine wakamalizia kwa buti, maana sheria ilitaka uthibitisho uwe wa pamoja. Mafuta ya Bi Kidawa yaliwaka moto karaini na yeye hakuona. Alikuwa anauangalia ule mkono wa Vuai. Ule ule aliokuwa akimkata kucha.

Mzee Mbaruku alizikwa kesho yake. Redio ilisema amekufa kwa furaha.

Mchana ule Vuai aliingia kula, akaisukuma sahani pembeni. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama," akasema, "kunanuka."

Bi Kidawa akamrukia akamziba mdomo kwa kiganja kilichojaa unga. "Nyamaza! Hakunuki!"

"Kunanuka mayai viza, mama. Kunanuka mpaka ndani ya sare. Nimemuua mzee Mbaruku kwa kitu ninachokiona."

"Nimesema hakunuki! Kula!"

Nje barazani, Pandu alikuwa na kitumbua mkononi. Akaacha kutafuna. Akakiweka chini taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika, akafuta midomo, akaondoka bila kuaga, huku Bi Kidawa anamwona.

*

Utabiri wa Siku ya Ufukwe Safi ulisomwa Jumatatu, saa ya chakula, kijiji kizima kikisikiliza kwa lazima.

"Sherehe za kitaifa zitafanyika Kisimachumvi. Ufukwe utakuwa safi, hakuna mwani hata unyuzi. Kijana mmoja wa Kikosi atazama kwa bahati mbaya akiogelea kwa furaha. Mama mmoja atalia. Upepo utakuwa mwanana."

Bi Kidawa hakungoja wimbo wa taifa uishe. Alivaa baibui juu ya nguo za jikoni, akaenda hoteli kubwa alikofikia Daktari Mavumbwe. Alimkuta anakula kamba wakubwa, anawavunja vichwa mmoja mmoja.

"Karibu, mama yangu. Mbona unahema?"

"Mheshimiwa, kijana mnayetaka kumzamisha ni mwanangu."

"Astaghfirullahi!" Daktari akaweka kamba chini. "Sisi tumzamishe mtu? Mama, sisi hatumgusi mtu. Sisi tunatabiri tu. Sayansi haina majina. Imesema kijana. Vijana ni wengi."

"Basi itabiri upya, Mheshimiwa."

"Utabiri umeshasomwa redioni, mama. Neno lililotoka redioni ni kama mtoto aliyezaliwa, utamrudishaje?"

"Nitabiri mimi. Sema mama mmoja atazama."

Daktari alimtazama kwa huruma ya kweli, huku anajipangusa vidole. "Una moyo mzuri. Lakini mama ameshapangiwa kulia, na mtu mmoja hawezi kufanya yote mawili. Ratiba itavurugika. Nenda kapumzike, unywe maji mengi. Siku ya siku tutakuwekea kiti cha mbele."

Nyumbani alimkuta Vuai anang'arisha buti. Uso ulikuwa umepata nafuu.

"Mama, Afande hana neno na mimi. Kanichagua niongoze zoezi la baharini mbele ya waheshimiwa. Kasema nisile asubuhi, niwe mwepesi."

"Kimbia, Vuai."

"Nikimbie nini?"

"Kimbia, mwanangu. Wewe ndiye zoezi."

Vuai akaweka buti chini. Kisha akazitazama nyumba za jirani, ile ya Mzee Mbaruku iliyofungwa, na hii yao ya makuti. "Nikikimbia watakuja kuthibitisha hapa," akasema. "Nimeshaona wanavyofanya kwa mama wa mtu aliyekimbia. Nimefanya mwenyewe."

Asubuhi ya sherehe Bi Kidawa aliichukua sare yote, suruali, shati na kofia, akaitumbukiza kwenye pipa la maji. Akafikiri, hana sare, hatakwenda, asipokwenda wataahirisha, wakiahirisha, Mungu ataleta jingine. Ndivyo akili ya mama inavyofanya kazi ikibanwa. Vuai aliitoa pipani, akaikamua, akaivaa ikiwa inachuruzika.

Afande Ligubi alimwona anakuja, maji yanamtiririka mpaka kwenye buti. Akashika mbavu kwa kicheko.

"Jamani, mtazameni huyu! Ameanza mapema!"

Kikosi kizima kikaangua kicheko, na Bi Kidawa, nyuma yake hatua chache, akakisikia.

*

Juu ya mwani palitandikwa mbao, juu ya mbao zulia jekundu, juu ya zulia viti vya waheshimiwa. Mawaziri walikuja, mabalozi walikuja, bendi ikapiga. Bi Kidawa alikalishwa mbele kabisa, kwenye kiti kilichofungwa utepe, askari kila upande. Jua lilipanda, na mwani chini ya zulia ukaanza kutokota, unatoa mapovu kama maharage jikoni. Mpiga tarumbeta akazirai, wakamvuta kwa miguu. Medali za Daktari Mavumbwe zilianza kugeuka rangi kifuani, moja baada ya nyingine, kuanzia kwenye kingo. Alipopanda jukwaani zilikuwa nyeusi tii.

"Vuteni hewa, ndugu zangu!" alinguruma. "Vuteni hewa ya nchi huru! Nani anaona mwani hapa?"

Hakuna aliyeona. Walikuwa wanakohoa mno.

"Utabiri wetu umetimia kwa kiwango ambacho mataifa makubwa yanatuonea wivu! Sasa vijana wetu wataogelea kwa furaha!"

Vuai alipelekwa ukingoni mwa zulia. Hakuna aliyeogelea, palikuwa hapaogeleki. Walimsukuma, akaingia mpaka kifuani katika ule uji mweusi, akashika ubao. Afande Ligubi akampiga vidole. Akashika tena, wakampiga tena, sasa vidole havikuwa vidole. Pandu alishuka akamkamata miguu. Wengine wakamkandamiza kichwa kwa virungu, wanahesabu kwa wimbo kama watu wanaotwanga. Mara moja kichwa kiliibuka, uso umepakwa mwani hadi machoni, kikasema, "Ma—" na kirungu kikakirudisha. Bendi iliongeza sauti. Baadaye mapovu yakawa yale ya mwani peke yake.

"Bahati mbaya!" Daktari akatangaza. "Msiba mkubwa! Na sasa, ndugu wananchi, mama mmoja..." Akamwelekezea mkono Bi Kidawa, kama anayemkaribisha mtu chakulani.

Bi Kidawa alikuwa ameuma meno mpaka fizi zinatoa damu. Alijiapiza kwamba hatawapa hicho. Mtoto wamechukua, kilio hawachukui. Lakini macho hayakumsikiliza, yalikuwa yanamwagika mashavuni kwa ule mvuke wa mayai viza.

"Analia! Analia!" mtangazaji akapiga kelele kwenye kipaza sauti. "Utabiri umetimia!"

Makofi yakapigwa. Bi Kidawa akasimama, akamtazama Daktari Mavumbwe usoni. Akaona. Mashavu ya Daktari yalikuwa yameloa mpaka kolani.

"Mheshimiwa," akamuuliza, na kipaza sauti kikalichukua swali lake mpaka mwisho wa ufukwe, "na wewe unamlilia nani?"

Makofi yakafa.

"Mimi? Silii, mama. Ni vumbi tu."

"Vumbi la baharini? Na waziri je? Na balozi, na yule mke wa waziri, mbona wote mnalia? Mnamlilia Vuai wangu? Basi asanteni. Sikujua kama mlimpenda hivi."

Watu wakatazamana. Ilikuwa kweli. Ufukwe mzima ulikuwa unabubujikwa na machozi, kuanzia jukwaani hadi kwa wauza maji. Afande Ligubi alikunja uso. Alikuwa mtu wa kazi, haongezi wala hapunguzi.

"Daktari," akasema, "utabiri ulisema mama mmoja."

"Najua utabiri ulivyosema, niliutoa mimi!"

"Sasa wewe si mama, Daktari. Na unalia."

"Nimesema silii!"

"Machozi hayo hapo."

"Ni mwani, mjinga wewe!" Daktari akafoka akijifuta kwa mikono miwili. "Huoni? Ni huu mwani!"

Neno likatoka kwenye spika zote.

Vijana wa Kikosi hawakufikiri, maana walikuwa wamefundishwa wasifikiri. Mikono ilitangulia. Kirungu cha kwanza kilimwingia Daktari Mavumbwe mdomoni, palepale pa yule kijana wa usaili, na medali zikaruka kama mende. Kisha wakawageukia wengine waliokuwa wakilia kinyume cha utabiri. Kadiri waheshimiwa walivyopigwa ndivyo walivyolia, na kadiri walivyolia ndivyo walivyozidi kuupinga utabiri. Waziri wa fedha aliburutwa kwa tai. Balozi alionesha pasi yake ya kusafiria, wakamvunjia mkono ulioishika. Mbao zikapinduka, zulia likakunjika, na serikali ikateremka mwanini kiti baada ya kiti, ikisema haioni kitu, ikisema inaona meza.

Bi Kidawa peke yake hakuguswa. Yeye alikuwa ametabiriwa.

Akaingia mwanini mpaka shingoni akamtafuta Vuai kwa mikono. Alipompata hakuweza kumwinua. Pandu alikuwa amesimama pembeni, mweusi mpaka kiunoni.

"Bi Kidawa, wallahi mimi nilimshika miguu tu."

"Basi mshike tena," akasema. "Twende nyumbani."

*

Alimwosha ndani, kwa maji ya pipa lile lile, mlango umefungwa na matambara yamesokotwa chini yake harufu isipite. Alimtoa mwani masikioni, puani, chini ya ulimi. Alipomaliza, macho yake yalikuwa makavu kabisa. Hapo ndipo alipolia. Kilio hicho hakikuwa kwenye utabiri wowote, na hakuna aliyekipigia makofi.

Mtabiri Mkuu mpya sasa ni Afande Ligubi. Redio imesema hali ni nzuri fukwe zote, na kwamba Kikosi kimepungukiwa watu, hivyo vijana wenye nguvu wafike ukumbi wa wilaya. Sare na kirungu bure.

Siku ya usaili Bi Kidawa alikwenda na sinia lake. Foleni ilizunguka ukumbi. Vijana mashati yamenyooka, mama zao kando yao, wanawapangusa viatu, wanawaamkia walinzi. Hakuleta vitumbua. Sinia alilijaza mwani kutoka mlangoni kwake, unatoka maji, vikaa vinatembea juu yake, akalipitisha foleni nzima chini ya pua ya kila mama, na kila mama akatazama pembeni.

Akamfikia mmoja aliyejitanda kanga mpya, amemshika mwanawe kiwiko kama anayeogopa kuibiwa.

"Mwenzangu," Bi Kidawa akamwambia, "tazama vizuri. Unaona nini?"

Yule mama akalitazama sinia. Akamtazama mwanawe, alivyopendeza. Dirishani palikuwa wazi, na ndani mtu mmoja alikuwa anapiga mayowe. Machozi yalikuwa yanamteremka yule mama mashavuni, na hakuyafuta.

"Naona vitumbua," akasema. "Kimoja bei gani?"